Kugeuza Kanisa la Zamani Kuwa Nyumba ya Mapumziko: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Nyumba yetu ya wageni iko kwenye mteremko wenye miamba kati ya Maseno na Luanda, na kwa miaka mingi kabla hatujainunua ilikuwa kanisa. Kila mwezi hutupigia simu watu wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na kwingineko ambao wameona jengo kama hilo mahali fulani na wanataka kujua waanzie wapi. Tumeandika hapa majibu tunayoyarudia mara nyingi. Hatuandiki kama mawakili wala wahandisi; tunaandika kama watu waliopitia shughuli hii, wakakosea, wakarekebisha.

Kwa nini kuna makanisa matupu magharibi mwa Kenya, ilhali waumini wanaendelea kuongezeka?

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuongezeka. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na wamishonari wakafuata njia yake bila kukawia: Marafiki, wanaojulikana pia kama Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafika Mumias mwaka 1904, misheni iliyokuja kuwa ya Church of God ikaanza Kima mwaka 1905, nao Waanglikana wa Maseno na Waadventista wa Gendia wakaanza mwaka 1906. Vituo hivyo vilizaa makanisa madogo vijijini, ya mawe au ya matofali ya kuchoma, yenye paa la mabati, yaliyojengwa kwa watu mia moja au mia mbili. Waumini walipozidi, walijenga kanisa kubwa zaidi karibu na barabara ya lami, na lile la zamani likageuka stoo ya saruji, darasa la chekechea, au makao ya popo.

Upande wa Nakuru, Njoro na Molo kuna aina nyingine, nayo ni makanisa madogo ya walowezi ambao wengi wao waliondoka wakati wa uhuru. Hayo nayo mengi yalipata waumini wapya na hayakubaki matupu.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu ndilo linalotutenga na nchi za Ulaya, ambako kanisa huuzwa kwa kuwa hakuna tena anayelihudhuria. Hapa kwetu waliobatizwa ndani ya jengo hilo wako hai, wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu, na watapita mbele ya mlango wako kila Jumapili wakienda kwenye kanisa jipya. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana na ukweli huo mmoja.

Je, sheria inaruhusu?

Inaruhusu, mradi matumizi ya ardhi yabadilishwe rasmi, dhehebu likubali kwa maandishi, na, kama jengo limetangazwa kuwa turathi ya taifa, idhini ya kulibadilisha ipatikane. Hakuna sheria inayosema kwamba jengo likiisha kuwa kanisa ni lazima libaki kanisa milele.

Nani hasa ana uwezo wa kuniuzia?

Hili ndilo swali tunalotamani watu waulize kwanza, lakini wengi huliuliza baada ya kulipa malipo ya awali.

Mchungaji hawezi kukuuzia, wala mwenyekiti wa kamati ya kanisa, hata kama wote wawili ni watu waaminifu na wamekukaribisha kwa kuku na ugali. Kwa kawaida ardhi ya dhehebu husajiliwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, ambao makao yao huenda yako Nairobi, Kisumu au kwingineko, na sahihi zao ndizo zinazohamisha umiliki. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda katika ofisi ya ardhi ya kaunti na kuomba taarifa rasmi ya usajili wa kipande hicho, kwa nambari yake, ili uone jina lililoandikwa.

Jina utakalolikuta ndilo litakaloamua safari yako. Likiwa la wadhamini, una bahati. Likiwa la mzee aliyefariki miaka arobaini iliyopita, basi ardhi hiyo bado ni sehemu ya mirathi yake, na ni lazima watoto na wajukuu wake wapitie mahakamani kabla ya mtu yeyote kuuza chochote. Jambo hili ni la kawaida sana magharibi, kwa kuwa wazee wengi walitoa shamba kwa kanisa kwa neno la mdomo, mbele ya mashahidi, bila kubadilisha hati. Huenda pia ukakuta kwamba kiwanja kilitengwa na baraza la wilaya la enzi hizo kwa matumizi ya dini, na hapo ni lazima wakili achunguze masharti ya ugawaji, kwa sababu ardhi iliyotengwa kwa manufaa ya umma haiuzwi kama shamba la mahindi.

Sisi wenyewe tuliwahi kupoteza miezi saba kwenye kanisa jingine, tofauti na hili tulilo nalo sasa. Kila mtu alikuwa amekubali, hata bei, mpaka siku ya kupima mipaka alipotokea kijana mmoja akiwa na nakala ya hati ya babu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa sahihi. Tuliaga, tukaondoka, na tangu siku hiyo hatuzungumzii bei kabla hatujasoma jina.

Hata hati ikiwa safi, tafuta familia iliyotoa ardhi hiyo hapo mwanzo, kaa nao, uwaeleze unachokusudia kufanya. Sheria haikulazimishi, lakini mtoaji aliitoa kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya wageni wa wikendi, na ana haki ya kusikia habari hizo kutoka kwako badala ya kuzisikia sokoni.

Dhehebu huliondoaje jengo katika matumizi ya ibada?

Inategemea dhehebu. Katika Kanisa Katoliki, kanuni ya 1222 ya sheria za Kanisa inampa askofu wa jimbo uwezo wa kuliachilia kanisa kwa matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu, baada ya kulisikiliza baraza la mapadre na kwa ridhaa ya wale wenye haki halali juu ya jengo hilo. Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii: kwa kanuni ya 1238, altare, yaani meza ya ibada, haipotezi wakfu wake hata kanisa lenyewe likiachwa. Hii ina maana kwamba usije ukaigeuza meza ya kulia. Mwombe paroko aseme ihamishiwe wapi, nawe gharamia usafiri.

Waanglikana nao hupitia kwa askofu wao. Marafiki hawaweki majengo wakfu kabisa, kwa kuwa kwao jengo ni mahali pa kukutania tu, na kwa hiyo hakuna cha kuondoa; lakini usidhani kwamba kwa sababu hiyo waumini wao wanalipenda jengo lao kwa kiasi kidogo.

Hata pale ambapo kanuni hazidai, tunapendekeza ibada ya mwisho ya kuaga. Ya kwetu ilichukua saa nne. Wazee walieleza nani alibeba mawe kutoka wapi, kwaya ikaimba, kisha Biblia na msalaba vikabebwa kwa maandamano hadi kanisa jipya. Baada ya hapo hakuna aliyetuuliza tena kama tuna haki ya kuingiza vitanda.

Nitahitaji vibali gani?

Ikiwa ardhi ni ya kilimo, kama ilivyo nyingi ya vijijini, mauziano yanahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe. Bila idhini hiyo makubaliano hayana nguvu. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani ya ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ardhi ya mjini.

Baada ya umiliki, unaomba kaunti ikubali kubadilisha matumizi ya ardhi, chini ya sheria ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Utahitaji mpangaji aliyesajiliwa akuandikie ripoti, na tangazo hutolewa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Michoro ya msanifu na ya mhandisi huidhinishwa na kaunti, mradi unasajiliwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hukueleza ni ripoti ya kiwango gani inayohitajika. Ukianza kupokea wageni wa kulipa, unaingia chini ya sheria ya utalii ya mwaka 2011 na utahitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti na ukaguzi wa afya.

Orodha hiyo inatisha kuliko ilivyo. Kinachochelewesha si wingi wa ofisi bali ni kupeleka karatasi kwa mpangilio usiofaa, kwa mfano kuomba michoro iidhinishwe ya nyumba ya wageni ilhali kaunti bado inaitambua ardhi kuwa ya kanisa.

Je, kama jengo ni la kihistoria?

Uliza Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kabla hujagusa hata bawaba ya mlango. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo kuwa turathi, na likishatangazwa huwezi kulibadilisha bila idhini. Kutotangazwa hakumaanishi kwamba jengo halina thamani. Piga picha za kila ukuta, kila jiwe lenye tarehe na kila jina lililochongwa, kisha uwape waumini nakala.

Vipi kuhusu makaburi yaliyo uani?

Yaache. Kufukua mwili kunahitaji kibali rasmi, na magharibi mwa Kenya kaburi ni jambo la ukoo mzima, si la familia ya karibu pekee. Sisi tuna makaburi mawili, tumeyazungushia ua wa michongoma, na mapatano yetu ya maandishi yanawapa jamaa haki ya kuja wakati wowote bila kuomba ruhusa. Wageni huelezwa kabla ya kulipa. Wachache huahirisha, na hilo ni sawa.

Nichunguze nini katika jengo lenyewe kabla ya kununua?

Mpeleke mhandisi wa majengo, si fundi peke yake, na umpeleke mara mbili: wakati wa kiangazi na wakati mvua ya masika inanyesha. Jengo lililokauka linaficha mengi.

Anza na ardhi. Kwenye tambarare za Kano na sehemu nyingine za Kisumu kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na kuta zilizosimama juu yake hupasuka kwa mshazari kuanzia pembe za madirisha. Nakuru ina shida nyingine: udongo wa majivu ya volkano unaobebwa kwa urahisi na maji ya chini, na nyufa za ardhi zimewahi kufunguka baada ya mvua kubwa. Sisi huku tuna mwamba. Msingi haujawahi kusogea, ila kuchimba shimo la maji taka kulituchukua wiki tatu kwa nyundo na tindo.

Kisha tazama juu. Paa la kanisa ni refu na lenye mwinuko mkali, kwa hiyo hakuna mtu aliyepanda huko tangu lijengwe. Gonga boriti kwa nyundo ndogo na usikilize: mbao nzima hutoa sauti ya mlio, mbao iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya karatasi. Kagua hasa ncha za boriti zinapoingia ukutani, kwa kuwa hapo ndipo unyevu hukaa. Ikiwa paa ni la asbesto, usiruhusu mtu alikate wala alivunje, kwani vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, na huondolewa na watu wenye leseni pekee.

Tatu ni radi. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi mara nyingi sana duniani, na watu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuambiwa. Jengo refu lililo peke yake kilimani, lenye msalaba wa chuma juu ya kipaa, linaiita radi lenyewe. Weka kikinga radi chenye waya wa shaba unaoteremka hadi ardhini ipasavyo, na ufanye hivyo kabla ya kuingiza umeme.

Popo tuwafanyeje?

Msiwaue. Wanakula mbu na wadudu wa mashambani. Ngojeni msimu ambao hawana watoto, tafuteni matundu wanayotokea jioni, mning'inize wavu unaowaruhusu kutoka lakini si kurudi, kisha baada ya siku kadhaa mzibe. Kinyesi chao kinyunyizieni maji kabla ya kukizoa, na anayezoa avae barakoa nzuri, kwa sababu ukungu unaoota humo unaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Kwetu kilijaza magunia kumi na mawili, na mama mmoja jirani alikiomba chote kwa ajili ya sukuma wiki yake.

Je, kuta za mawe zipigwe plasta ya saruji?

Ukiweza kuepuka, epuka. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa au kwa udongo, na zinapumua: unyevu unaoingia hutoka tena. Saruji huufungia ndani. Fundi wetu wa kwanza alipiga plasta ya saruji ukuta mzima wa kaskazini, ukapendeza kwa miezi mitano, kisha ukaanza kutoa malengelenge kama uji unaochemka, rangi ikabanduka kwa vipande vya ukubwa wa sahani. Tuliibandua yote kwa tindo tukarudia kwa chokaa. Kosa lilikuwa letu kwa kutouliza.

Tunaweza kupata vyumba vingapi vya kulala?

Vichache kuliko unavyofikiri. Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi wanaotuuliza.

Kanisa la mita 9 kwa 20, kama letu, lina sakafu ya mita mraba 180, na mtu mwenye kikokotoo huona mara moja vyumba vinane na korido katikati. Ukifanya hivyo utakuwa umejenga gesti ya kawaida ndani ya ganda la kanisa, na mgeni atakuuliza kwa nini alikuja mbali hivyo. Kinachomleta ni ile nafasi moja kubwa, dari iliyo juu sana, na mwanga unaoingia kwa pembe. Asubuhi jua likishachomoza hupenya dirisha la mashariki, huanguka kwanza kwenye jiwe la kizingiti cha sakristia, chumba cha kuhifadhia mavazi na vyombo vya ibada, kisha husogea taratibu juu ya sakafu hadi mguu wa meza, na mtu aliyeshika kikombe cha chai hukaa kimya bila kuambiwa.

Sisi tulichagua vyumba vitatu. Kimoja kiko katika sakristia ya zamani, kikiwa na bafu lake. Viwili viko upande wa mlango mkuu, chini ya jukwaa la mbao lililokuwa la kwaya, ambalo tuliliimarisha kwa nguzo za chuma na kuliwekea ngazi ya kudumu. Sehemu yote iliyobaki ni ukumbi mmoja wa kukaa, kula na kusoma. Kuta za vyumba hazifiki darini wala hazijashikamana na mawe ya zamani, hivi kwamba atakayetaka kulirudisha jengo lilivyokuwa ataziondoa kwa siku mbili. Wengine watasema tumepoteza mapato, na kwa hesabu ya daftari huenda wako sahihi.

Ukubwa huo una gharama zake. Sauti huzunguka, na kijiko kikidondoka hulia kama kimedondoka mara tatu. Mazulia, mapazia mazito, rafu za vitabu na mito ya viti hupunguza mwangwi. Mvua ikipiga mabati huwezi kusikilizana, kwa hiyo weka tabaka la kuzuia sauti na joto kati ya mabati na dari. Watu wa huku hupenda dari ya mikeka ya mafunjo, ambayo ni nzuri na ya bei nafuu, ila hushika moto upesi, na sisi tuliitumia barazani tu.

Hali ya hewa pia iamue. Kisumu, iliyo kando ya ziwa kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, inahitaji matundu ya juu ya kutoa hewa moto, nyavu za mbu madirishani na vyandarua vitandani. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, na huko Molo baridi ni kali zaidi. Nafasi ndefu kwenda juu haipashiki moto kwa urahisi, kwa hiyo jenga meko ya kuni kwenye kona ya kukaa, na ufanye vyumba vya kulala viwe vifupi.

Maji na vyoo vitatoka wapi?

Makanisa mengi ya zamani hayana bomba hata moja ndani. Choo, kama kipo, ni cha shimo nyuma ya mti. Kwa hiyo hesabu gharama ya mfumo mzima, pamoja na tangi la maji taka lililo mbali na kisima chochote na chini ya mteremko.

Neema ya jengo hili ni paa. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eneo la mita mraba 180 lenye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka hupokea lita 270,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano kwa kumwagika na kusafisha mabati, unabaki na lita 216,000, ambazo ni wastani wa takriban lita 590 kwa siku. Tatizo ni kwamba hazinyeshi kila siku, hivyo ukubwa wa matangi ndio wenye maana. Huku Bunyore tuna ukoo wa Nganyi, ambao wazee wake wamejulikana kwa vizazi kwa kutabiri mvua na wamewahi kushirikiana na Idara ya Hali ya Hewa. Sisi husikiliza pande zote mbili, kisha tunasafisha mifereji mwezi wa pili.

Ukiwa Nakuru na unategemea kisima kirefu, pima floraidi. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa huwa nayo kwa wingi, na ndiyo yanayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia huko. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua hayana shida hiyo.

Mabenchi, mimbari na kengele vifanyweje?

Vyote ni vya waumini mpaka waseme vinginevyo. Andikeni orodha pamoja kabla ya mauziano, na kila kitu kiandikwe mwenye nacho. Waumini wetu walichukua mimbari na meza ya Bwana, wakatuachia mabenchi kumi na manne ya mvule, mengine yakiwa na herufi zilizochongwa kwa wembe na watoto waliochoka na mahubiri. Hatukuyapiga randa.

Kengele inahitaji maelezo yake. Kengele yetu ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye tawi la mwarobaini, kama ilivyo katika makanisa mengi ya huku, na hupigwa kwa nondo. Tuliiacha kwa kuwa ilipendeza. Mwezi wa pili wa biashara, mtoto wa mgeni alitoka saa tano usiku akaigonga kwa nguvu mara kumi au zaidi. Katika kijiji hiki kengele inayolia usiku humaanisha msiba au moto. Ndani ya robo saa uwanja ulikuwa umejaa watu wenye tochi, wengine na ndoo, na mzee wa mtaa akiwa na koti juu ya pajama, akiuliza ni nani amefariki. Tuliomba radhi kwa kila mmoja, tukapika chai ya watu sitini. Siku iliyofuata tulikipeleka kipande kile cha reli kanisa jipya, ambako kinafanya kazi yake, na mnyororo mtupu ndio uliobaki mtini.

Ni sheria gani tuwawekee wageni?

Zetu zilitungwa pamoja na kamati ya kanisa. Hakuna muziki nje ya kuta. Hakuna sherehe za kulewa, ingawa mtu akinywa bia yake mezani hatumchungulii. Kamati ilijadili jambo hilo kwa mikutano miwili na ikaamua kwamba wageni ni watu wazima. Jumapili asubuhi, kuanzia saa tatu hadi saa saba, hatupokei wala hatuagi wageni, ili magari yasipishane na wanaokwenda ibadani. Hakuna kupiga picha za utani kwa mavazi ya kidini. Mgeni aliyewahi kuiona sheria hiyo ya mwisho kuwa ya ajabu tulimrudishia pesa zake.

Gharama ni kiasi gani?

Hatutaji jumla, kwa sababu majengo mawili hayalingani. Tunachoweza kusema ni kwamba paa na mfumo wa maji vilikula zaidi ya nusu ya fedha zetu, na vitu vinavyoonekana kwenye picha, yaani vitanda, taa na mazulia, vilikuwa sehemu ndogo. Tenga akiba ya kutosha kwa yale usiyoyaona.

Asiye raia wa Kenya anaweza kununua?

Kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo ina vizuizi zaidi. Atafute wakili.

Wenzetu wa nchi nyingine hufanyaje?

Uingereza kuna shirika linalotunza makanisa yasiyotumika tena, na tangu mwaka 2014 limekuwa likiwaruhusu watu kulala ndani ya baadhi yake kwa vitanda vya kukunja, bila kujenga kitu chochote cha kudumu. Huko Maastricht, Uholanzi, monasteri ya kale pamoja na kanisa lake viligeuzwa hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 2005. Tunaona la Uingereza ndilo lenye somo kwetu, kwa jinsi linavyoligusa jengo kidogo.

Je, wageni hawaogopi kulala humo, na waumini wa zamani hawakasiriki?

Kuogopa, mara chache. Ni usiku wa kwanza tu, upepo unapogonga mlango mkubwa. Kuhusu waumini, hatuwezi kusema kwa niaba yao wote.

Mwaka wa kwanza, Alhamisi moja, alikuja mama mzee akiwa na mkongojo na mjukuu wake, akasimama mlangoni akatazama vitanda na mazulia kwa muda mrefu. Tulimwambia, "Karibu, Mama, chai iko tayari." Akajibu, "Asante, mwanangu, lakini mimi huketi pale." Akaelekea benchi la tatu upande wa kushoto, ambalo kwa bahati lilikuwa bado mahali pake, akaketi, akafumba macho kwa kama dakika kumi, kisha akaomba chai na sukari nyingi. Huja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Wageni wakiwepo huwaambia nani alibeba mawe ya ukuta gani, na benchi hilo halimo katika orodha ya samani zinazoweza kusogezwa.